Ngeli za Mfukoni: Jaribio la Kuainisha Fedha Kisarufi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mwenendo wa fedha ndani ya sentensi za Kiswahili. Wachumi wamekwisha kuifuatilia fedha benki, sokoni na katika bajeti ya serikali, lakini hawajaifuata pale inapoonekana mara nyingi kuliko kwingine kote, yaani mdomoni. Data ilikusanywa Dar es Salaam: ndani ya daladala, kijiweni kwa muuza kahawa, misibani na kwenye foleni za ofisi. Sampuli ni pochi moja, mali ya mtafiti, ambayo kwa kipindi chote cha utafiti haikuleta usumbufu wowote wa wingi wa data. Matokeo yanaonyesha kwamba fedha haitulii katika ngeli moja kama nomino yenye adabu zake. Huhamahama, kwa kufuata nani anaitaja, anaitaja mbele ya nani, na aliipataje. Utafiti haukupata ufadhili. Mama watoto aliombwa, akataka kwanza aone hesabu za utafiti uliopita.

Usuli wa tatizo

Utafiti huu ulianzia dirishani. Nilikuwa nafuatilia faili langu katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na karani akanijibu kwa heshima zote, "Mwalimu, faili lako halionekani." Nikamuuliza litaonekana lini. Akatazama dari, akaitazama feni iliyokuwa imekufa siku nyingi, akasema, "Si unaona joto lenyewe, mwalimu wangu. Tuko hapa tangu asubuhi, hata maji ya kunywa hatujapata."

Mimi nimefundisha sarufi miaka mingi, na mwalimu wa sarufi huliamini neno kama lilivyotamkwa. Nikatoka, nikavuka barabara, nikanunua chupa ya maji ya baridi kwa shilingi 500, nikarudi nayo na kuiweka dirishani ikitoka jasho. Karani aliitazama ile chupa kama mvuvi aliyevuta wavu akakuta kandambili. Akasema, "Haya, ahsante, mzee." Msomaji azingatie: niliondoka pale mwalimu, nikarudi mzee.

Faili lilionekana wiki ya tatu, mkuu wa ofisi aliporudi kutoka likizo. Lilikuwa palepale mezani siku zote. Juu ya jalada lake palikuwa na duara la maji lililokauka, ukubwa sawasawa na kitako cha chupa yangu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba elimu yangu ina tundu. Maji niliyofundisha mimi yana upatanisho wa YA-YA. Maji ya dirishani yana upatanisho na kitu kingine kabisa. Nikaamua kuanza upya, ngeli kwa ngeli.

Ngeli ya I-ZI: fedha ugenini

Makazi rasmi ya fedha ni I-ZI, ngeli yenye ukarimu, inayopokea karibu kila neno linaloteremka bandarini: meza, kalamu, redio, baiskeli. Fedha ilifika kutoka Uarabuni, na huko ni jina la yale madini meupe. Pesa na rupia zilivuka kutoka Bara Hindi. Sumuni nayo ni ya Kiarabu. Asili yake ni moja ya nane, ilipofika kwetu ikawa senti hamsini na hakuna aliyeidai cheti. Faranga ilikuja na Wabelgiji, na mpaka leo iko Kongo, Rwanda na Burundi. Shilingi ililetwa na Mwingereza, ikawa fedha ya Afrika Mashariki mwaka 1921.

Kisa cha hela kinasikitisha zaidi. Rupia ya Wajerumani katika Afrika Mashariki iligawanywa kwanza katika pesa 64. Mwaka 1904 wakabadili, wakaigawa katika hela 100. Miaka kumi na minne baadaye utawala wao ukawa umekwisha, sarafu yao ikafuata. Leo Mjerumani mwenyewe anatumia euro na hela haijui, ila muuza mchicha wa Tandika atakwambia bila kusita kwamba hela yako imechanika, leta nyingine.

Katika orodha yote hiyo hamna jina hata moja la sarafu lililozaliwa katika ukoo wa Kibantu. Lakini kukopa na kulipa ni vitenzi vya Kibantu halisi, tulivyorithi kwa mababu. Inaelekea, basi, kwamba kabla jahazi la kwanza halijatia nanga na shehena ya sarafu, sisi tulikuwa tumekwisha kudaiana. Wageni walituletea kipimo tu.

Sifa ya pili ya ngeli hii ni kwamba nomino zake hazibadiliki katika wingi. Pesa ni pesa, iwe moja au milioni. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa mbele ya wakwe kwamba pesa ipo, na asiwe amesema uongo. Anayetaka ukweli inabidi asikilize viambishi. Katika sampuli yangu, tarehe ya mshahara hutamkwa kwamba pesa zimeingia. Ikifika tarehe kumi, pesa imeisha. Huingia kwa wingi na kutoka kwa umoja, na katikati hapo hakuna sarufi inayoweza kueleza zilikokwenda zile nyingine.

Ngeli ya M-MI: fedha inayopandwa

Hii ni ngeli ya miti. Ndani yake mna mshahara, mtaji, mkopo, mradi, mchango na mfuko, pamoja na wale wa mtaani, mkwanja na mshiko. Nadharia yangu ni kwamba fedha za M-MI hupandwa, ila anayepanda si lazima awe ndiye anayevuna.

Mshahara umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Ni mti unaozaa mara moja kila mwezi, na matunda yake huchumwa kabla mwenye shamba hajafika: kodi, bima, mfuko wa hifadhi, kisha Mangi wa dukani mwenye daftari lake. Mwenye shamba hukuta majani. Mchango nao ni mmea wa kutambaa. Unauwekea mizizi kwenye harusi ya mtoto wa jirani, unakuja kuchipua msibani kwako, na kamati ikipiga hesabu kila mtu anakumbuka alichotoa kuliko alichopewa.

Mkopo ndio unaohitaji uangalizi. Mikopo midogo ya riba kali, ile ya marejesho ya kila siku au kila wiki, mitaani inaitwa kausha damu. Jina hilo lilitungwa na wakopaji wenyewe, wala halikupita idara yoyote ya masoko. Lilinganishe na majina yanayochaguliwa na wanaokopesha. Kenya, ilikoanzia M-Pesa mwaka 2007, ilifuata M-Shwari mwaka 2012, na shwari ni bahari iliyolala bila wimbi. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, na kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Majina yote mawili ni Kiswahili safi kabisa. Tofauti ni kwamba mkopeshaji amesimama ufukweni anatazama maji, na mkopaji anatazama mishipa yake. Wahenga hawakuhitaji jina la biashara. Walisema kukopa harusi, kulipa matanga, wakaenda zao kulala.

Ngeli ya LI-YA: fedha isiyohesabika

Humu mnakaa mapato, makato, madeni, mafao, masurufu, malimbikizo na magendo. Baadhi yao hawana umoja, na si kwa bahati mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kukamatwa na gendo moja.

Mfano bora ni marupurupu. Nimelitafuta rupurupu moja kwa miaka mitatu, sijalipata. Nimewauliza waliowahi kuyapokea, nao wamethibitisha kwamba huja kwa makundi, kama kumbikumbi baada ya mvua. Marupurupu ni malipo anayopewa mtu kwa kufanya kazi ambayo tayari analipwa mshahara aifanye: kukaa kikaoni, kusafiri kwenda kikaoni, kulala karibu na kikao. Neno lenyewe lina mlio. Litamke taratibu, ukirefusha kidogo, utasikia noti mpya zikihesabiwa kwa kidole kilicholowanishwa ulimi.

LI-YA pia ni ngeli ya ukuzaji, na hapa data ilikuwa nyingi. Fedha ya mtu mwenyewe ni pesa. Fedha ya jirani ni mapesa. Madeni yangu ni vijideni. Vijideni vyake ni madeni. Nimejaribu kupata mtu anayesema kinyume na hivyo, nikaambulia mmoja, naye alikuwa amekuja kuniazima.

Kutoka mwisho wa mwaka 2015 ngeli hii ilipata mwanachama mashuhuri nchini Tanzania, jipu. Rais John Magufuli aliwaita hivyo watendaji wabovu na wala rushwa, na kuwaondoa kazini kukaitwa kutumbua. Kisarufi lilikuwa tukio kubwa. Mtu aliyelala katika ngeli ya A-WA, mkurugenzi kamili, aliweza kuamka yuko LI-YA, na kitenzi chake kikawa katika kauli ya kutendwa: limetumbuliwa.

Ngeli ya A-WA: fedha yenye roho

Sarufi inatufundisha kwamba A-WA ni ya viumbe hai. Mtaani fedha nayo imo. Noti ya shilingi elfu kumi ya Tanzania, kwa wekundu wake, imepewa jina la utani la klabu ya Simba: Mwekundu wa Msimbazi. Wakiwa wawili ni Wekundu. Hata shabiki wa Yanga, ambaye hawezi kuvaa fulana nyekundu akiwa na akili timamu, hajawahi kumkataa Mwekundu mfukoni. Huko Kenya noti ya mia tano iliitwa Jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo aliyeongoza kundi la YK'92 wakati wa kampeni za chama cha KANU mwaka 1992, na watu walikuwa wakisema wamepokea Jirongo mmoja au wawili bila kuona ajabu.

Kinyume chake, wenye fedha hupelekwa baharini na porini. Papa ni mla rushwa mkubwa, dagaa ni yule anayekamatwa. Kupe ananyonya, chawa anasifia anayenyonya. Mwenye nazo katika ukumbi wa dansi ni pedeshee, neno lililotokana na herufi tatu za cheo cha Kifaransa cha mkurugenzi mkuu, likasafirishwa na wanamuziki wa Kongo. Huyu hutunza wanamuziki, naye akitajwa jina katikati ya wimbo hupata risiti ya kutosha.

Kesi ngumu ni kigogo. Umbo lake ni KI-VI, gogo lililopunguzwa, lakini upatanisho wake ni A-WA: kigogo amehojiwa, kigogo ameachiwa. Nilitafuta mfano wa kitenzi kinachokuja baada ya hapo, sikuupata katika magazeti niliyosoma.

Ngeli ya KU: kula na kumwaga

Sasa tuingie jikoni. Katika ngeli ya vitenzi-jina, fedha ya Mswahili hufanya jambo moja tu: huliwa. Tunakula rushwa, tunakula riba, tunakula mtaji, tunakula hasara. Kitenzi hakibagui faida na hasara. Shibe ndiyo inayotofautiana. Wizara nono ni ulaji. Mtu akiteuliwa, wenzake husema ameula, na kiambishi kile cha katikati hakina haja ya kufafanuliwa, kila mtu anajua ameula nini.

Misemo ya kupoteza kazi nayo imetoka jikoni kwa wingi. Aliyefukuzwa amemwaga unga. Akiharibiwa riziki yake na fitina, kitumbua chake kimeingia mchanga. Akiwa kocha wa mpira, kibarua chake kimeota nyasi. Wakenya peke yao ndio waliotoka jikoni wakaenda ofisini: kwao mtu hupigwa kalamu, na kalamu ya bosi haihitaji kuwa na wino mwingi.

Kwa ulinganisho, mtafiti alipitia misemo ya Waingereza kuhusu kazi na fedha, akitarajia kuwakuta watu wa vitabu vya hesabu. Wapi. Nao wako jikoni. Riziki yao ni mkate na siagi. Baba akipata mshahara, husemwa ameleta nyumbani nyama ya nguruwe, msemo ambao mkalimani yeyote wa Zanzibar atauruka na kuomba radhi. Nje ya jikoni, anayepanda cheo hupanda ngazi, na anayelipwa vizuri ili aondoke kimya hupewa mkono wa dhahabu.

Lakini tofauti mbili zinastahili kuandikwa. Kwanza, Mwingereza mwenye deni husema yumo ndani ya wekundu, kwa kuwa makarani wao waliandika hasara kwa wino mwekundu. Mwenye Wekundu wawili Dar es Salaam hana huzuni ya namna hiyo. Pili, Mwingereza akifukuzwa kazi husemekana kapewa gunia. Sisi, kama tulivyoona, tunamwaga unga. Mtafiti anapendekeza kwamba gunia ni lile lile moja: unga umemwagikia kwetu, mfuko mtupu wakabaki nao wao.

Ngeli ya U: mapito

Humu mna ukwasi, ambao ni wingi wa mali, na ukata, ambao ni kutokuwa nayo. Wanakaa nyumba moja, mlango mmoja, wala hawana wingi. Mtafiti amekaa kwa mpangaji wa pili muda mrefu, na kwa heshima ya wenyeji wake hatasema zaidi.

Ngeli ya PA-KU-MU: mahali fedha ilipokuwa

Ngeli nyingine hutaja fedha. Hii hutaja nafasi iliyoachwa wazi. Anayehangaika siku nzima akarudi bure huambulia patupu, na uzuri wa msemo huo ni kwamba ameambulia kitu: amepata mahali, ila ndani hamna. Maskini huitwa pangu pakavu, kifupi cha pangu pakavu tia mchuzi, yaani sahani yenyewe ndiyo jina la mtu. Wahenga nao waliweka humu kanuni yao ya utawala: penye udhia, penyeza rupia. Tazama ilivyojengwa. Pe- ni mahali, na penyeza ni kupitisha mahali pembamba. Kumbe kila dirisha la ofisi ni nomino ya mahali, na msemo huu uliliona kabla kioo hakijawekwa. Hata kuzunguka mbuyu, msemo wetu wa kutoa hongo, unataka mahali: mti mnene, watu wawili, na upande ambao wa tatu haoni.

Ngeli ya KI-VI: nadharia ya udogo

Tumefika kwenye ngeli iliyonigharimu shilingi 500 na wiki tatu.

KI-VI hupunguza. Nyumba hugeuka kijumba, mto hugeuka kijito. Katika fedha, ngeli hii ina raia mmoja mwaminifu, kibubu, kile chombo cha kuwekea akiba chenye tundu dogo la kupitishia sarafu. Ni kidogo kweli, na ni bubu kweli: hakisemi kina kiasi gani mpaka siku ya kuvunjwa. Wengine wote waliomo ni wa kuchunguzwa.

Wa kwanza ni kitu kidogo. Kenya wamekifupisha hadi herufi tatu, TKK, toa kitu kidogo, na Eric Wainaina akakiimba mpaka kila mtu akajiona ndani ya wimbo. Kitu kidogo kina ndugu wasiobeba kiambishi cha KI lakini wenye damu ile ile ya udogo: chai, soda, maji, hela ya vocha, kadhongo, chirimiri. Wote ni vitu ambavyo mtu mwungwana humpa mwenzake bila kufikiri, ndiyo maana majina yao yakaazimwa. Hakuna anayeomba hongo kwa jina la pilau, kwani pilau lina bei na maandalizi, na watu watauliza limepikwa kwa shughuli gani.

Tanzania tuliwahi kufika mbali zaidi, tukaupa ukarimu huo kifungu cha sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, neno la heshima lenye maana ya kumkirimu mgeni, na wagombea wakawakirimu wapiga kura wao kama wageni waliotoka safari ndefu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema takrima hiyo ni kinyume cha Katiba. Ukarimu ukarudi majumbani, ukatafuta jina jingine.

Ushahidi mkuu wa nadharia yangu ulipatikana Aprili 2008. Waziri wa Miundombinu wa Tanzania wakati huo, Andrew Chenge, aliulizwa na waandishi wa habari juu ya zaidi ya dola milioni moja zilizotajwa kuwa katika akaunti yake kisiwani Jersey. Akaziita vijisenti. Mwezi huohuo alijiuzulu uwaziri, lakini neno lilikataa kujiuzulu na lingali kazini.

Tulichambue. Mzizi ni senti, nomino ya I-ZI, nayo ni sehemu moja tu ya mia, ndogo kuliko zote. Hapo udogo ulikuwa umetosha. Lakini ikaongezwa -ji-, kiungo tunachokitumia kudunisha, kama katika kijitu. Kisha juu yake ikapandishwa vi-. Yaani senti ilidogoshwa mara mbili baada ya kuwa tayari haina pa kupungukia. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha madaftari sijaona nomino iliyobebeshwa udogo mwingi kiasi hicho, wala kiasi kikubwa namna hiyo kikibebwa na nomino moja.

Kutokana na data hii natangaza Kanuni ya Kiambishi: kadiri fedha inavyokuwa nyingi na maelezo yake yanavyokuwa machache, ndivyo kiambishi chake kinavyokuwa kidogo.

Kanuni ilijaribiwa kwa njia ya kinyume. Kondakta wa daladala hasemi umpe kijinauli. Anataja nauli kwa tarakimu, kwa sauti, mbele ya watu, na chenji anakurudishia au mnagombana hadharani. Mama ntilie hasemi vijisahani. Anasema ni elfu mbili, na ya maharage elfu moja mia tano. Fundi cherehani, kibarua wa ujenzi, muuza maji ya kweli yale ya chupa, wote hutaja bei kamili, na tukiona ni kubwa tunabishana mpaka ipungue kwa hesabu, si kwa kiambishi. Fedha ya jasho haina haja ya kujifanya ndogo. Neno kibarua lenyewe linathibitisha, ingawa limo KI-VI: ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akionyeshe wakati wa malipo. KI- yake ilipunguza karatasi, haikugusa ujira.

Hitimisho na mapendekezo

Mtafiti anapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa sarufi wasipelekwe kufuatilia mafaili. Pili, kamusi zetu, zinapotoa maana ya maji, chai na soda, ziongeze maana nyingine, na ziitaje kwa jina lake: rushwa. Tatu, na hili ni kwa msomaji aliyenifuata mpaka hapa akidhani ni mzaha tu: siku ukisimama dirishani ukaombwa kitu kwa jina dogo, usiulize kina maana gani, hilo unalijua. Uliza ni shilingi ngapi, na risiti itaandikwa nini. Uliza kwa sauti ya kondakta, foleni nzima isikie.

Mimi chupa yangu sikuidai. Nilipopita mara ya mwisho bado ilikuwa dirishani, imekatwa shingo na kuwekwa kalamu. Ilikuwa imesimama juu ya faili la mtu mwingine.